Bodi ya gari la rimoti: Uzito na mkato hutangulia rangi

MTOTO wa Mpwapwa hana haja ya kufundishwa kwamba gari linaweza kuundwa kwa mikono. Kama ilivyo katika miji na vijiji vingi vya Tanzania, watoto wa wilaya hiyo ya Mkoa wa Dodoma hukunja waya, hukata madumu ya mafuta ya kula, huchonga magurudumu kutokana na soli za kandambili zilizochakaa, kisha huyasukuma magari yao kwa mti mrefu wenye usukani wa waya.

Gari dogo linaloendeshwa kwa rimoti ni ndugu wa gari hilo la waya, ingawa limezaliwa kiwandani. Mota, betri, kipokea mawimbi na magurudumu huja tayari. Sehemu inayobaki mikononi mwa mwenyewe, ambayo anaweza kuikata, kuipaka rangi, kuiinua na kuishusha apendavyo, ni bodi.

Ni katika sehemu hiyo ndipo wengi wanaoanza mchezo huu hupoteza fedha na mbio kwa pamoja. Hununua bodi inayovutia macho, huipamba kwa rangi nyingi na stika, kisha hugundua uwanjani kwamba gari limekuwa zito juu, linapinduka kwenye kona, matairi yanakwaruza bodi na mota inachemka baada ya mizunguko michache.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa mkazi wa mji ulio mbali na maduka ya vifaa hivyo. Bodi ya plastiki ikikatwa vibaya hairudi kama ilivyokuwa, na bodi nyingine huenda ikalazimika kuagizwa kutoka Dar es Salaam au ng'ambo. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuandaa gari lake kwa mbio hana budi kuelewa kwanza bodi inafanya kazi gani, ndipo ashike mkasi.

Kazi nne za bodi

Kazi ya kwanza ni kulinda. Chini ya bodi kuna nyaya, betri, kidhibiti mwendo na kifaa kidogo kinachogeuza magurudumu ya mbele. Kokoto moja inayorushwa na tairi inaweza kukata waya au kukwama katika meno ya gia.

Kazi ya pili ni kuongoza hewa. Gari dogo likiwa katika mwendo wa kilomita 40 au 50 kwa saa, hewa inayopita juu yake huwa na nguvu ya kulikandamiza chini au kulinyanyua. Umbo la boneti, kioo cha mbele na spoila ya nyuma ndivyo huamua litokee lipi.

Kazi ya tatu, ambayo husahaulika mara nyingi, ni kumsaidia dereva kuliona gari. Dereva husimama pembeni ya uwanja, na gari lake linaweza kuwa umbali wa mita 20 au 30. Iwapo hawezi kutofautisha mbele na nyuma kwa kutupa jicho mara moja, atakata kona upande usiofaa.

Kazi ya nne ni kutimiza kanuni. Mashindano yaliyopangwa vizuri huweka mipaka ya upana, kimo, uzito na umbo la bodi. Gari linalovuka mipaka hiyo huondolewa hata kama limetangulia kufika.

Ilikotoka

Magari ya kuendeshwa kwa mawimbi ya redio yalianza kuuzwa kibiashara miaka ya 1960. Mwaka 1966 kampuni ya Kiitaliano ya El-Gi, yenye makao yake Reggio Emilia, ilitoa kielelezo cha Ferrari 250LM kilichoweza kuendeshwa kwa rimoti.

Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ilitoa Porsche 934 ya kipimo cha 1:12. Bodi yake ilikuwa ya plastiki ngumu na ilifanana sana na gari halisi. Ili kupata usahihi huo, kampuni hiyo ilinunua Porsche 911 ya kweli na kuifungua kipande kwa kipande.

Plastiki ngumu ilipendeza kabatini, lakini ilivunjika uwanjani. Wakimbiaji walihamia kwenye plastiki nyingine iitwayo polikaboneti, ambayo ni angavu kama kioo, nyepesi, na hupinda badala ya kupasuka inapogongwa. Plastiki hiyo iligunduliwa mwaka 1953 na watu wawili waliofanya kazi mbalimbali bila kujuana: Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani na Daniel Fox wa kampuni ya General Electric nchini Marekani.

Bodi ya polikaboneti hutengenezwa kwa kupasha moto karatasi ya plastiki hiyo hadi ilainike, kisha kuivuta kwa nguvu ya hewa ili ijilaze juu ya kalibu yenye umbo la gari. Ndiyo maana bodi hizo huuzwa zikiwa angavu, bila rangi, huku zikizungukwa na ukingo wa plastiki ya ziada ambao mnunuzi hutakiwa kuukata mwenyewe.

Plastiki ngumu haikutoweka. Magari madogo sana, kama ya Mini-Z ya kampuni ya Kyosho yaliyoanza mwaka 1999 kwa kipimo cha 1:28, huvaa bodi ngumu zilizokwisha kupakwa rangi. Hata hivyo, kwa magari ya 1:10 yanayoshindana kwa kasi, polikaboneti ndiyo iliyotawala.

Vipimo kabla ya fedha

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Mnunuzi huona umbo la gari analolipenda na kulipa, bila kupima chasi aliyonayo nyumbani.

Kipimo cha 1:10 humaanisha kwamba kila mita moja ya gari halisi imekuwa sentimita 10. Gari la mita nne na nusu huwa na sentimita 45. Katika kipimo cha 1:28 gari hilo hilo huwa na sentimita 16 tu, karibu urefu wa kalamu ya wino.

Hata hivyo, magari mawili ya kipimo kimoja si lazima yavae bodi moja. Vipimo viwili ndivyo vya kuangaliwa: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na upana kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi jingine.

Magari mengi ya barabarani ya 1:10 yana upana wa milimita 190, na umbali wa ekseli unaokaribia milimita 257. Magari madogo ya Tamiya yanayojulikana kwa herufi M huwa na umbali wa ekseli wa milimita 210, 225 au 239, kutegemea namna yalivyofungwa. Bodi ya milimita 225 ikiwekwa juu ya chasi ya milimita 239, magurudumu hayatakaa katikati ya matao yake na yatakwaruza upande mmoja.

Unene wa plastiki nao una maana. Bodi nyepesi za mashindano hukaribia nusu milimita, ilhali za kawaida hukaribia milimita moja. Nyepesi huongeza kasi ya kugeuka lakini huchanika mapema. Kwa anayejifunza, na kwa uwanja wa kokoto, nzito kidogo ndiyo yenye faida.

Baadhi watauliza gramu 30 au 40 zina athari gani kwa gari lenye uzito unaokaribia kilo moja na nusu. Jibu ni kwamba uzito wa bodi hukaa juu, wakati ule wa betri na mota hukaa chini. Gari likiingia kona, kila gramu iliyo juu hulivuta upande wa nje. Hii ni sawa na basi lililopakia magunia juu ya keria: mzigo ule ule ukiwekwa kwenye buti, dereva hapati taabu.

Namna ya kukata

Kazi ya kukata huanza kwa kunawa. Bodi mpya huwa na mafuta yaliyoachwa na kalibu, ambayo huzuia rangi kushika. Ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, isuuzwe na kuachwa ikauke yenyewe. Kuifuta kwa kitambaa chenye nyuzi huacha manyoya ambayo yataonekana chini ya rangi milele.

Upande wa nje wa bodi nyingi hufunikwa kwa utando mwembamba wa kinga. Utando huo usiondolewe mpaka kazi yote ya rangi imalizike.

Kwa mistari iliyonyooka, kisu chenye ncha kali ndicho kinachofaa. Hakuna haja ya kukata hadi plastiki iachane. Hutosha kuchora mfereji kwa kupitisha kisu mara mbili au tatu juu ya mstari uliokwisha kuwekwa na kiwanda, kisha kupinda kipande cha ziada mbele na nyuma hadi kiachie chenyewe.

Kwa matao ya magurudumu hutumika mkasi mdogo uliopinda. Mkasi wa kucha uliopinda ncha hufanya kazi hiyo vizuri. Mkataji aanze ndani ya mstari, aache milimita mbili au tatu, ajaribishe bodi juu ya chasi, ndipo amalizie. Plastiki iliyobaki inaweza kupunguzwa kesho. Iliyokatwa leo hairudi.

Kona kali ni adui. Polikaboneti huanza kupasuka mahali palipo na pembe ya ghafla, kwa kuwa nguvu ya mgongano hujikusanya hapo. Kila kona ya ndani iviringwe, na kingo zote zilainishwe kwa msasa laini. Msasa huo pia huzuia mikono kukatwa wakati wa kuvaa na kuvua bodi.

Matundu ya kupitishia nguzo za kushikia bodi huachwa mwisho. Ncha za nguzo hupakwa wino wa kalamu, bodi hushushwa taratibu hadi ziguse, na alama zinazobaki ndizo hutobolewa kwa drili ndogo. Kutoboa kwa kukisia ndiko huzaa bodi iliyokaa upande.

Rangi hupuliziwa ndani

Fundi rangi wa magari makubwa huanza na praima na kumaliza na rangi ya juu. Kwa bodi angavu, utaratibu huo hugeuzwa. Rangi hupuliziwa upande wa ndani, na plastiki yenyewe ndiyo huwa kinga na mng'ao. Gari likisota kwenye kokoto, kinachokwaruzika ni plastiki na wala si rangi.

Kwa kuwa mtazamaji huangalia kutoka nje, rangi inayotangulia kupuliziwa ndiyo itakayoonekana. Hivyo, mapambo madogo hupuliziwa kwanza na rangi kubwa ya mwili hufuata. Rangi iliyokoza hutangulia ile hafifu, kwani nyeusi ikipuliziwa nyuma ya njano nyembamba itaifubaza.

Mwishoni, nyuma ya rangi za kung'aa kama njano na chungwa, huwekwa tabaka la nyeupe. Tabaka hilo hurudisha mwanga nje na kuzifanya rangi zionekane kwa mbali. Madirisha huzibwa mapema kwa utepe wa karatasi, na utepe huo hutolewa rangi ikiwa imekauka.

Si kila rangi ya kopo hufaa. Polikaboneti huhitaji rangi inayopinda pamoja nayo. Tamiya, kwa mfano, huweka herufi PS kwenye makopo ya rangi ya polikaboneti na herufi TS kwenye yale ya plastiki ngumu. Anayechanganya mawili hayo ataona rangi ikibanduka kama magamba katika mgongano wa kwanza.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa tina, petroli na visafishio vikali vya namna hiyo. Vimiminika hivyo hushambulia polikaboneti, huifanya iwe na nyufa ndogo ndogo nyingi na kuipotezea uimara. Bodi iliyofutwa kwa tina inaweza kuonekana salama mezani na kupasuka uwanjani.

Rangi ipuliziwe kwa tabaka nyembamba, kila moja ikipewa muda wa kukauka. Tabaka nene huchuruzika na huongeza uzito. Kazi hiyo ifanyike nje au mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko la mkaa na watoto, kwani mvuke wa rangi huwaka moto na hudhuru mapafu.

Kuhusu uchaguzi wa rangi, mazingira ndiyo hutoa jibu. Katika uwanja wa udongo mwekundu au wa kahawia, gari la kahawia, la kijivu au jekundu lililofifia hupotea ndani ya vumbi. Nyeupe, njano na samawati huonekana. Inafaa pia paa au boneti iwe na rangi tofauti na nyuma, ili dereva ajue gari limeelekea wapi.

Kufunga juu ya chasi

Bodi iliyokatwa vizuri inaweza kuharibiwa na ufungaji mbaya. Kanuni ya jumla ni kuishusha kadiri inavyowezekana bila kugusa matairi. Kipimo cha kweli hakipatikani gari likiwa limetulia. Chasi hukandamizwa kwa mkono hadi springi na shokapu zifike mwisho, kisha magurudumu ya mbele hukatwa kulia na kushoto hadi mwisho. Tairi likigusa bodi katika hali hiyo, tao liongezwe au bodi iinuliwe kidogo.

Sehemu ya mbele huwekwa chini kidogo kuliko ya nyuma, ili hewa isiingie kwa wingi chini ya bampa na kulinyanyua gari. Chini ya bodi, juu ya kila nguzo, huwekwa kipande cha sponji au mpira ili mgongano usitanue tundu.

Spoila ya nyuma huongeza mkandamizo na kutuliza gari kwenye mwendo mkali, lakini pia huongeza ukinzani wa hewa. Kwa uwanja mdogo wenye kona nyingi na mota ya kawaida, spoila kubwa mno huwa mzigo tu.

Vumbi, joto na mwinuko

Mji wa Mpwapwa uko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, karibu na safu ya milima ya Kiboriani. Mvua hunyesha katika msimu mmoja, na sehemu kubwa ya mwaka, hasa kuanzia Mei hadi Novemba, ni kavu. Hali hiyo ina athari tatu kwa gari dogo.

Kwanza, katika kimo hicho hewa huwa nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani. Spoila iliyotosha Dar es Salaam itatoa mkandamizo mdogo zaidi Mpwapwa, na hewa hiyo hiyo hupoza mota kwa nguvu ndogo zaidi.

Pili, bodi iliyofungwa pande zote hugeuka kuwa sufuria lenye kifuniko. Joto la mota, kidhibiti mwendo na betri hukosa njia ya kutokea. Iwapo kanuni zinaruhusu, matundu madogo hufunguliwa kwenye kioo cha mbele na makubwa zaidi nyuma, ili hewa ipite juu ya vifaa na kutoka. Tundu la kuingizia bila la kutokea halisaidii kitu.

Tatu, kila tundu la hewa ni mlango wa vumbi. Wanaoendesha kwenye udongo huziba matundu ya mbele kwa kitambaa chepesi chenye matundu madogo na kukikung'uta baada ya kila mbio. Kwa bodi pana za malori ya udongo, matundu ya nyuma yana faida ya ziada, kwani bodi hizo hukusanya hewa ndani kama mwavuli na kulivuta gari nyuma linaporuka tuta.

Kuibadilisha bodi ili ifuate ardhi si jambo geni katika Afrika Mashariki. Mbio za Safari Rally zilizoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwafunza watengenezaji wakubwa wa magari kwamba gari la barabara za Ulaya halifiki mbali huku. Waliongeza ngao za mbele za kuzuia wanyama, wakainua chasi, wakaongeza taa na kupandisha juu bomba la kuvutia hewa ili lisimeze maji na vumbi. Toyota Celica ilishinda mbio hizo mara tatu mfululizo, mwaka 1984, 1985 na 1986, ikiwa imeandaliwa kwa ajili ya njia hizo. Urembo wa magari hayo ulitokana na kazi yake.

Usipoziba ufa

Bodi itapasuka, suala ni lini. Ufa wa kwanza kwa kawaida hutokea kwenye tao la gurudumu la mbele au kona ya bampa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa msemo huo ni wa kufuatwa neno kwa neno.

Mwisho wa ufa hutobolewa tundu dogo la mviringo. Tundu hilo hutawanya nguvu na kuuzuia ufa usiendelee. Kisha upande wa ndani hubandikwa kipande cha utepe wa wavu, ule unaotumiwa na mafundi wa jipsamu kuziba maungio, na juu yake hupakwa gundi inayobaki laini kama mpira baada ya kukauka. Gundi inayokauka na kuwa ngumu kama kioo hupasuka tena pale pale.

Gundi yoyote ijaribiwe kwanza kwenye kipande kilichokatwa, kwa kuwa baadhi zina vimiminika vinavyoyeyusha rangi na kudhoofisha plastiki. Wakimbiaji waangalifu huweka wavu na gundi kwenye bampa na matao hata kabla ya mbio ya kwanza. Uzito huongezeka kwa gramu chache, lakini bodi hudumu zaidi.

Dumu kama mwalimu

Kwa asiye na bodi ya akiba, dumu la mafuta ya kula ni shule nzuri. Plastiki yake ni nyepesi, hupinda bila kuvunjika, na rangi yake imo ndani ya plastiki yenyewe. Hivyo haihitaji kopo la rangi wala haibanduki.

Mkataji huanza na kigezo cha boksi gumu. Huchora ubavu, paa na boneti kwa kipimo cha chasi, hukata boksi, hulijaribisha, hulirekebisha, ndipo ahamishie mistari kwenye dumu. Kosa la boksi haligharimu kitu.

Ugumu mmoja wa plastiki hiyo ni kwamba gundi na rangi nyingi haziishiki. Vipande huunganishwa kwa kutoboa na kufunga waya mwembamba, au kwa kupinda masikio na kuyapitisha katika mipasuko, kama watoto wanavyofanya kwa magari ya waya. Waya ule ule ukikunjwa kufuata ukingo wa chini huipa bodi uti wa mgongo na kuizuia isitikisike kwa hewa.

Bodi ya dumu haitakuwa na mikunjo laini ya ile ya kiwandani, na katika mashindano ya kimataifa haitakubaliwa. Lakini ikiwa imekaa chini, nyepesi na yenye njia ya hewa, inaweza kwenda kona kwa kona na bodi iliyonunuliwa kwa bei kubwa na kufungwa ovyo.

Kanuni zinazolinda wote

Katika ngazi ya dunia, mbio za magari haya husimamiwa na shirikisho la IFMAR, na nchini Marekani chama cha ROAR kimekuwapo tangu mwaka 1967. Vyama vya namna hiyo huchapisha orodha za bodi zilizoidhinishwa na vipimo vyake.

Kundi la marafiki wanaoshindana katika uwanja wa shule au wa mpira halihitaji kitabu kizima. Ukurasa mmoja hutosha: upana wa mwisho, kimo, uzito wa chini kabisa wa gari zima, na matundu yanayoruhusiwa. Upimaji hufanyika kwa mizani ya jikoni na boksi lililokatwa kwa kipimo. Gari lisilopita ndani ya boksi halishindani.

Uzito wa chini una umuhimu wa pekee, kwa kuwa humzuia mwenye fedha nyingi kununua ushindi kwa bodi nyembamba kupita kiasi. Kwa lengo hilo hilo, nchi nyingi zina madaraja ya mbio ambamo wote hutumia mota na bodi za aina moja. Daraja la bodi zilizoundwa nyumbani lingeweza kufanya kazi hiyo hiyo mahali ambapo si kila mzazi ana uwezo wa kuagiza vifaa.

Kuhusu usalama, gari la kilo moja na nusu lililo kwenye kasi linaweza kuvunja mfupa wa mguu. Watazamaji, hasa watoto, wakae nyuma ya kizuizi. Bampa isiwe na waya uliochomoza wala ukingo mkali.

Betri za lithiamu zihitaji uangalizi wa karibu. Seli moja ikijaa hufika volti 4.2 na haipaswi kushuka chini ya volti 3. Chaja iwe ya aina hiyo ya betri, na betri isiachwe ikichaji bila mtu karibu. Iliyovimba au kubonyezwa katika ajali isirudishwe ndani ya gari, kwani inaweza kuwaka moto ghafla, na bodi iliyofungwa pande zote itauficha moshi mpaka moto uwe umeshika.

Kwa ufupi, mpangilio wa kazi ndio akiba ya mwenye gari. Apime chasi, anunue bodi inayolingana nayo, ajifunze mkato kwenye boksi na dumu, akate kidogo kidogo, apulizie rangi ndani, ashushe bodi bila kugusa matairi, afungulie joto njia na kuimarisha bampa. Stika ndizo za mwisho. Zikikosekana, gari halitachelewa hata kwa sekunde moja.